Wati Saba

Daktari wa masikio aliyasema maneno yake mara mbili. Mara ya kwanza alimwambia Mutheu, na mara ya pili akamgeukia Urbanus, mumewe, kwa kuwa Mutheu hakuyasikia yote. Neva za masikio zilikuwa zinakufa. Sikio la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lingefuata, labda baada ya mwaka mmoja, labda miwili, na kile kifaa cha kuvaa sikioni kingemsaidia kwa muda tu.

Urbanus aliuliza kama kuna dawa. Daktari akatikisa kichwa, halafu akakumbuka kwamba mgonjwa wake haoni, akasema, "Hakuna, mama. Pole sana."

Mutheu alikuwa kipofu tangu surua ilipompitia akiwa na miaka sita. Alirudi na mumewe kutoka Thika mpaka nyumbani kwao Ruiru. Alipoketi kwenye kiti chake sebuleni, akavua viatu, akavipanga sawasawa kama kawaida yake, ndipo alipomwambia mumewe.

"Baba Ndinda, nataka kusikia vitu vyangu vyote kabla hii sikio haijaenda."

"Vyote?"

"Vyote. Hata zile zenye hazina maana."

Vitu vyake vilikuwa sauti. Watu wengine huweka albamu za picha. Mutheu aliweka kaseti. Alikuwa amefanya kazi ya swichibodi katika kiwanda cha nyuzi pale Thika kwa miaka ishirini na saba, akipokea simu na kuziunganisha, na mshahara wake wa kwanza ulinunua redio ya kaseti yenye kitufe chekundu cha kurekodi. Tangu siku hiyo hakuna lililompita. Alimrekodi mama yake kule Matungulu akitwanga mahindi na kuita mbuzi. Alirekodi mvua juu ya mabati ya chumba chao cha kwanza cha kupanga, Githurai 45, na jirani akigombana na mtungi wa gesi. Alirekodi maporomoko ya Chania siku Urbanus alipomwomba waoane, na kwa kuwa maji yalikuwa mengi, jibu lake mwenyewe halikusikika. Alirekodi kilio cha kwanza cha binti yao Ndinda, baada ya kumbembeleza nesi mpaka akakubali redio iingie wadi ya wazazi. Kaseti zilipokwisha madukani alihamia kwenye rekoda ndogo, kisha kwenye simu.

Urbanus alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda hicho hicho. Walikutana siku alipoitwa kutengeneza swichibodi. Kabla hajafungua mdomo, yule dada wa simu alimwambia kwamba soli ya kiatu chake cha kushoto inaachia. Sasa alikuwa amestaafu, mikono yake ilikuwa bado imara, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu alipata kazi iliyostahili mikono hiyo.

Hizo sauti zilikuwa zimetapakaa. Kaseti mia mbili na zaidi zilikuwa kwenye makatoni chini ya kitanda, nyingi zimeota ukungu. Nyingine zilikuwa katika diski tatu za zamani, katika kompyuta isiyowaka na katika simu zilizopasuka. Urbanus akaamua kuunda seva ya nyumbani: kisanduku kimoja kitakachobeba kila faili, na vitufe vyenye vinundu ambavyo Mutheu angevipapasa, akachagua mwaka, akasikiliza apendapo bila kumwita mtu.

Kilipaswa kuwaka muda wote, na umeme wa mtaa wao ulikuwa ukikatika kila uchao. Kwa hiyo kingetumia sola, paneli moja juu ya paa na betri ya gari chini ya meza. Hapo ndipo ubahili wa Urbanus ulipopata uwanja. Maisha yake yote alizihudumia mota kubwa zilizokunywa umeme kama ng'ombe waliotoka jangwani, na jambo lililomuudhi kupita yote kazini lilikuwa mashine inayowaka bure.

Kule Thika kulikuwa na Zaid, kijana mpole mwenye duka la vifaa vya kompyuta vilivyotumika, juu ya ngazi nyembamba karibu na msikiti. Zaid ndiye aliyempa kompyuta ya bodi moja tu, isiyo na kioo wala kibodi, ndogo kama pakiti ya majani ya chai, na diski mbili za laptopu zilizotoka ofisini pamoja, za aina moja na umri mmoja.

"Mzee, utaziweka hivi," Zaid alimweleza. "Kila kitu kikiandikwa kwa hii, kinaandikwa kwa hii ingine pia. Moja ikikufa, ile ingine inaendelea. Wewe unabadilisha iliyokufa tu."

"Kwa hivyo ni kama mapacha."

"Ni kama mapacha."

Urbanus alilipenda neno hilo. Alilirudia njia nzima.

Kazi ya kusafisha ukungu na kunakili kaseti ilimchukua wiki tano. Aliazima deki mbili za kuchezea kaseti kanisani, akaziendesha kwa pamoja kuanzia asubuhi hadi jua litue, spika zikiwa zimezimwa. Kusikiliza kungemchelewesha, na kulikula umeme. Alitazama tu mshale wa kupima sauti ukirukaruka, akajua sauti inaingia, akageuza upande wa pili. Kaseti ikishanakiliwa aliitupa kwenye pipa nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi alizichoma, maana ukungu wake ulimkohoza Mutheu. Diski tatu za zamani alizihamisha, akazifuta, akampelekea Zaid kama sehemu ya malipo.

"Umehakikisha zote ziko ndani?" Zaid aliuliza.

"Nimehakikisha mara mbili."

Na kweli alikuwa amehakikisha. Katika hilo hakukosea.

Kisha akaanza kupunguza. Mtambo ulipowaka mara ya kwanza ulikula wati kumi na tisa. Akaondoa feni, akaiwekea kompyuta bati la kupoza. Akakata vitaa vya kijani na vyekundu vilivyomemeteka mbele ya kisanduku, kwani ndani ya nyumba ya asiyeona, na yeye mwenyewe hakai kukikodolea macho, vilikuwa vya nini? Akazipangia diski zilale kila zinapokaa sekunde chache bila kazi. Siku mita yake iliposoma wati saba, alimshika Mutheu mkono akauweka juu ya kisanduku.

"Sikia. Hata joto hakina. Balbu ya choo inakula kushinda hii."

Mutheu alicheka. Alipapasa vitufe kimoja kimoja, taratibu, na sebule ikajaa sauti za karamu ya kumuaga kazini, watu thelathini wakiimba ovyo na mmoja wao akipiga sahani kwa kijiko.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Kila alasiri Mutheu alivaa kifaa chake sikioni, akaketi karibu na kisanduku, akasikiliza. Alikuwa amejiwekea utaratibu. Alianza na za karibuni akirudi nyuma, mwaka baada ya mwaka. Urbanus alipomuuliza kwa nini asianze na zile za zamani anazozipenda, alimjibu bila kugeuka.

"Mama namwacha mwisho. Nikishamsikia mama, hata masikio yakienda, yaende. Nataka yaende na yeye."

Mama yake alikuwa amefariki zamani, kabla Ndinda hajaanza shule. Kaseti zake zilikuwa kumi na nne. Mutheu hakuwa amezisikiliza kwa miaka mingi, kwa sababu redio ya kaseti iliharibika, na kwa sababu aliogopa utepe ukikatika.

Ndinda alikuwa na duka la kuchapisha kazi za wanafunzi kule Kahawa Wendani. Alikuja Jumapili moja, akakikagua kisanduku cha babake, akakisifu, kisha akauliza, "Na kopi ingine iko wapi?"

"Hapo ndani. Ziko mbili."

"Baba, hiyo si kopi mbili. Hiyo ni kopi moja inajiangalia kwa kioo. Hii nyumba ikichomeka je? Leta nikuwekee kwa kompyuta ya duka, ama tuzitume mtandaoni."

"Mtandaoni kwa watu? Sauti ya mama yako?"

"Basi duka."

"Nitaleta," Urbanus alisema. Alikusudia hivyo kwa dhati. Lakini kunakili kote kungeweka diski macho siku tatu nzima, na ilikuwa Julai, mawingu yamekaa juu ya Ruiru kama kifuniko cha sufuria, betri inajaa nusu tu. Akasema angoje jua.

Ni Mutheu aliyetambua kwanza. Alikuwa na tabia ya kuweka kiganja juu ya kisanduku anaposikiliza, kwa maana masikio yalivyopungua, mikono ilizidi kujua.

"Hiyo kitu inagonga," alisema.

"Inagonga aje?"

"Tik. Halafu inanyamaza. Halafu tik. Siku mzima."

"Ni diski zinalala na kuamka. Nimezipanga hivyo."

"Mtu akilala na kuamka mara mingi hivyo, si ni mgonjwa?"

Urbanus alicheka, akamwambia chuma si mtu. Wiki kadhaa baadaye Mutheu alimwambia tena, "Moja imenyamaza. Ile ingine ndiyo inagonga, na inagonga kwa nguvu." Urbanus alikuwa juu ya ngazi akipangusa vumbi kwenye paneli. Akajibu kupitia dirishani kwamba ni vizuri, pengine moja imepata kupumzika. Mutheu hakusikia jibu. Hakuuliza tena.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Mutheu alikuwa amefika sauti za miaka ya tisini. Alibonyeza kitufe akitaka kusikia Ndinda akijifunza kuhesabu. Sauti ikatoka, mtoto akasema moja, mbili, tatu, nne, na hapo ikakwama. Kutoka ndani ya kisanduku ukasikika mkwaruzo, mwembamba, kama ukucha juu ya sufuria. Kisha kimya.

"Baba Ndinda," Mutheu aliita. "Imekataa."

Urbanus alizima, akawasha. Akafungua kisanduku, akabadilisha waya. Akapeleka betri kwa jirani, akaijaribu. Alifanya kila alichofanya kazini kwa miaka thelathini. Alimwambia Mutheu ni jambo dogo. Kesho yake alizifunga diski zote mbili ndani ya fulana, akazipeleka Thika kama mtu anayebeba mayai.

Zaid alizisikiliza kwanza, moja moja, akiziweka karibu na sikio. Akaziunganisha kwenye mashine yake. Ya kwanza haikujitambulisha hata kidogo. Ya pili ilijitambulisha kwa dakika moja, ikamwonyesha rejista yake yenyewe ya kazi, ikakwaruza tena, ikafa hapo mezani.

"Mzee, hii ya kwanza imekufa kitambo. Rejista ya mwenzake inaonyesha haijaandikwa kitu tangu mwezi wa nane. Hukuona taa nyekundu?"

"Taa nilizikata."

Zaid alimtazama. "Na hii ya pili imelala na kuamka mara laki tisa. Zinatengenezewa laki tatu, laki sita ikiwa na bahati. Nani aliiambia ilale kila mara?"

"Ni mimi. Zisile umeme."

"Lakini kuna kitu ilikuwa inaziamsha. Pengine ile programu ya vitufe, ilikuwa inaangalia diski kila baada ya sekunde chache. Wewe unailaza, yenyewe inaiamsha. Kila ikiamka kile kichwa cha kusoma kinatoka, ikilala kinarudi. Mpaka kikavunjika, kikaanguka juu ya ile sahani inabeba faili."

"Kuna mtu anaweza kuzitoa hizo sauti?"

Zaid aliifungua ile ya pili mbele yake, akifahamu kwamba hakuna cha kuharibu tena. Ile sahani inayopaswa kung'aa kama kioo ilikuwa na mifereji ya duara, na pembeni kulikuwa na vumbi laini la kijivu. Zaid alichovya kidole, akamwonyesha.

"Hii vumbi ndiyo faili zako, mzee. Nisikudanganye."

"Na zile diski tatu nilikuletea? Zile za zamani?"

"Niliuza. Na ulikuwa umezifuta."

Zaid aliituma diski ile ya kwanza kwa fundi aliyemwamini zaidi, na Urbanus akangoja siku kumi na moja. Siku hizo zote alimwambia Mutheu kwamba kuna kipuri kinasubiriwa. Alasiri ilipofika Mutheu alivaa kifaa chake kama kawaida, akaketi mahali pake, mikono juu ya magoti. Urbanus alitoka nje, akajifanya anapalilia sukuma wiki. Palipokosekana magugu aling'oa sukuma yenyewe.

Jibu likaja kwa simu, maneno mawili, Zaid hakutaka kuyarefusha. Nayo imekwaruzika.

Alimwambia Mutheu mchana huohuo. Alipiga magoti mbele ya kiti chake ili mdomo wake ukaribie sikio la kulia, akazungumza polepole, akaeleza yote: kulala na kuamka, vitaa, duka la Ndinda ambako hakupeleka kitu. Hakujificha nyuma ya Zaid wala nyuma ya mawingu. Mutheu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaseti?" aliuliza.

"Nilichoma."

"Zote?"

"Zote, Mutheu."

Huko nje mtu alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma, akiita. Urbanus hakujua kama mkewe anamsikia muuzaji huyo.

"Nilikuwa nimebakisha miaka kumi na mbili," Mutheu alisema hatimaye. "Na mama."

Hakulia mbele yake. Kwa wiki mbili alipika, akala, akajibu alipoulizwa. Ndinda alikuja, akalia kwa niaba ya wote, akapekua simu zote za zamani, akapata dakika arobaini za kikao cha chama cha kina mama wakijadili mahema na sufuria za kukodisha. Mutheu alikisikiliza kikao hicho mara moja, mpaka mwisho, akashukuru.

Halafu alasiri moja alimwita Urbanus akae karibu.

"Wewe ndio ulihamisha zile kaseti za mama," alisema. "Wewe ndio mtu wa mwisho alikuwa nazo. Niambie ulisikia nini. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Urbanus alimtazama mkewe, jinsi alivyoelekeza sikio la kulia kwake, shingo imepinda kidogo, akingoja. Mtu mwenye njaa hungoja hivyo mlangoni. Hakuweza kumwambia ukweli. Alianza kusema kabla hajajua atasema nini.

"Ya kwanza alikuwa anatwanga. Unasikia mchi unapiga, polepole, halafu haraka. Anapumua. Halafu anakuita, Mutheu, Mutheu, lete ungo. Wewe unacheka. Kuna upepo. Mbuzi wanalia kwa mbali, na kuna jogoo karibu, anawika mara mbili, na mama yako anamfukuza."

Uso wa Mutheu ulikuwa umeanza kufunguka. Hapo ukasimama.

"Mama hakufuga kuku," alisema. "Walikufa wote na ugonjwa nikiwa darasa la pili. Akasema hatafuga tena, na hakufuga."

"Labda alikuwa wa jirani."

"Jirani alikuwa ng'ambo ya mto." Akasogeza sikio karibu zaidi. "Baba Ndinda. Ulisikia nini?"

Urbanus aliinamisha kichwa. Alifikiri juu ya mshale uliokuwa ukirukaruka ndani ya kioo kidogo cha deki, kaseti kumi na nne, pande ishirini na nane, siku mbili za mama mtu akizungumza ndani ya nyumba yake na yeye akimtazama tu.

"Sikusikia kitu," alisema. "Nilikuwa nimezima spika."

Mutheu aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayethibitisha jambo alilokuwa amelijua. Aliinua mkono, akatoa kifaa sikioni, akakizima kwa ukucha wa kidole gumba, akakiweka mezani. Urbanus alimwomba msamaha. Alimwomba kwa Kiswahili na kwa Kikamba, kwa sauti ya juu hata jirani akasimama uani kusikiliza, na Mutheu akaendelea kukaa na uso wake mtulivu, asisikie lolote.

Daktari alikuwa amesema sikio la kulia lina mwaka au miwili. Lilikuwa bado lina miezi mingi ndani yake wakati Mutheu alipoacha kulitumia. Ndinda alimsihi, akamletea betri mpya za kifaa, akamwandikia kwa nukta za vipofu kwenye karatasi ngumu: Mama, bado unaweza kutusikia. Mutheu alizisoma kwa kidole, akaikunja karatasi mara nne.

"Najua," alimjibu. "Lakini hakuna kitu nangojea."

Urbanus alijifunza kumwandikia herufi kiganjani. CHAI. MVUA. NDINDA AMEKUJA. Mutheu hakuuondoa mkono wake. Aliuacha wazi juu ya mapaja, akaelewa kila neno, akanywa chai, akaanua nguo kabla ya mvua. Siku nyingine Urbanus alimwandikia neno NISAMEHE, herufi nane, akianza upya kila alipohisi amekosea. Akimaliza, Mutheu alikifunga kiganja, akakaa nacho hivyo kwa kitambo, kisha akakifungua kikiwa kitupu na kuuliza kama maji ya kuoga yamepata moto.